Paukwa kwa Kiingereza: Uchambuzi wa Kisa cha Mkondo Mmoja wa Kidato cha Kwanza

Kisa hiki kinahusu wanafunzi 58 wa mkondo mmoja wa kidato cha kwanza katika shule ya sekondari ya kata, ya kutwa, iliyoko mkoani Tanga, ambako nilifundisha somo la Kiingereza. Kinahusu muhula mmoja tu, na ndani ya muhula huo kinahusu jambo moja: jinsi wanafunzi walioshindwa kusema sentensi tatu za Kiingereza mfululizo walivyofika mahali pa kusimulia hadithi nzima, kujibu maswali juu yake na hatimaye kubishana juu yake. Nakiandika kwa urefu kwa sababu kilichowasaidia sicho nilichodhani mwanzoni kingewasaidia, na mwalimu atakayeanza shughuli za hadithi kwa namna niliyoanza mimi atapoteza wiki tatu kama nilivyozipoteza.

Hali ilivyokuwa

Mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali nchini Tanzania hujifunza masomo yake kwa Kiswahili, lugha iliyofanywa ya kufundishia katika shule za msingi mwaka 1967, na Kiingereza hukutana nacho kama somo moja kati ya mengi. Akivuka kwenda kidato cha kwanza, baiolojia, historia, jiografia na hisabati vyote humjia kwa Kiingereza, baada ya kozi fupi ya maandalizi isiyoweza kulipa deni la miaka yote ya shule ya msingi. Clement Criper na William Dodd walilieleza tatizo hili katika ripoti yao ya mwaka 1984, walipoonyesha kwamba Kiingereza cha wanafunzi wa sekondari kilikuwa chini mno kuweza kubeba masomo mengine, na walimu wengi wa kidato cha kwanza wangeisoma ripoti hiyo leo wakadhani imeandikwa juu ya madarasa yao. Kwa upande wa kuzungumza hali ni nzito zaidi, kwa kuwa mtihani wa kidato cha nne hupima Kiingereza kwa karatasi ya kuandika. Mwalimu anayebanwa na mada za muhtasari huona upesi alama ziliko, nami niliziona hivyo kwa miaka kadhaa.

Jumatatu moja nilimsimamisha msichana wa safu ya tatu, nikamuuliza kwa Kiingereza alifanya nini jana yake. Alisimama, akashika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili, akasema "I", kisha akanyamaza. Darasa likasubiri, mtu mmoja wa nyuma akacheka kwa chini, na yeye akaketi bila kuambiwa aketi. Saa ya mapumziko ya siku hiyohiyo nilimkuta nyuma ya jiko la shule amezungukwa na wenzake, akiwasimulia kwa Kiswahili mkasa uliotokea kwao ufukweni, akiigiza sauti za watu watatu tofauti, wala hakuna aliyemkatiza isipokuwa kwa kumwitikia. Nilisimama pale na kikombe changu cha uji mpaka kengele ikagongwa. Saa mbili kabla ya hapo nilikuwa nimeandika kwenye daftari langu kwamba mwanafunzi huyu "hana uwezo wa kujieleza".

Ndipo nilipoamua kuwapima wote upya. Kwa muda wa wiki moja niliwaita watano watano chini ya mwarobaini ulio kando ya uwanja, nikamwomba kila mmoja anieleze kwa Kiingereza jambo lolote alitakalo kwa dakika mbili. Niliandika mambo mawili tu: amezungumza kwa muda gani kabla ya kukwama, na anapokwama anafanya nini. La kwanza halikunishangaza, kwa kuwa walio wengi hawakufika nusu dakika. La pili ndilo lililonifundisha. Neno lilipokosekana, karibu kila mmoja alinyamaza na kutazama chini. Hakuna aliyejaribu kulizunguka neno, kuashiria kwa mkono, kutafuta jingine lililo karibu nalo, wala kuniuliza. Kwao kukosa neno moja kulikuwa ndio mwisho wa mazungumzo.

Wiki tatu zilizopotea

Nilianza kwa njia iliyo rahisi kwa mwalimu. Nilichagua hadithi fupi ya Kiingereza kuhusu sungura na chui, nikaisoma kwa sauti, tukaeleza maneno magumu, kisha nikawataka waende nyumbani wajiandae kuja kuisimulia mbele ya darasa. Wiki iliyofuata walikuja, nami nilifurahi kwa muda mfupi, kwa kuwa wapo waliosema dakika mbili nzima bila kukwama.

Kijana mmoja alianza vizuri sana, kwa sauti ya kupaa, macho ameyaelekeza juu ya vichwa vya wenzake. Alipofika katikati, neno moja likamponyoka. Hakulitafuta, alirudi mwanzo kabisa wa hadithi, "Once upon a time", akaja mbio mpaka pale pale, akakwama tena, akarudi tena. Alifanya hivyo mara tatu, kama mtu aliyesahau ubeti wa wimbo ambaye hawezi kuingia katikati mpaka aanze juu. Nilipomsaidia neno lile akamaliza, nikamuuliza kwa Kiingereza cha pole kwa nini sungura aliogopa. Alinitazama bila kujibu. Nilirudia kwa Kiswahili, naye akasema kwa unyenyekevu, "Mwalimu, hapo sijakariri."

Jibu lake lilikuwa la kweli kuliko andalio langu lote la somo. Nilikuwa nimewapa zoezi la kumbukumbu na kuliita zoezi la kuzungumza. Mtafiti Mholanzi Willem Levelt, katika maelezo yake ya mwaka 1989 kuhusu namna binadamu anavyotoa maneno, aligawa kazi ya msemaji katika hatua kuu tatu: kuwaza ujumbe, kuuvika ujumbe huo sarufi na maneno, na kuutamka. Msemaji mzoefu hufanya zote tatu kwa wakati mmoja bila kuhisi uzito. Mwanafunzi wangu aliyekariri aliruka mbili za kwanza akaifanya ya tatu peke yake. Na yule msichana niliyemsimamisha Jumatatu alikuwa na shida iliyo kinyume chake, kwa kuwa nilimtaka afanye zote tatu papo kwa papo, mbele ya watu 57, kwa lugha ambayo hatua ya pili peke yake inatosha kumaliza nguvu zake zote.

Nilichohitaji basi ni kumpunguzia mzigo wa kwanza bila kumwondolea wa pili. Alihitaji jambo la kusema ambalo tayari analo kichwani, kwa mpangilio wake na sauti za wahusika wake, ili nguvu yote iende kwenye kutafuta Kiingereza chake. Jambo la namna hiyo nilikuwa nimelisikia mwenyewe nyuma ya jiko.

Hadithi walizokuja nazo

Kazi ya nyumbani niliyowapa ilikuwa kusikiliza. Kila mmoja aende kwa bibi, babu, shangazi, mjomba au yeyote mtu mzima wa kwao, apewe hadithi moja, aje nayo kichwani bila kuiandika. Walikuja na visa vya Sungura na Fisi, vya Abunuwasi, na wengi wa vijiji vya pwani walikuja na kisa cha Papa na Kima: kima aliye juu ya mkuyu ulioinamia baharini, anayemrushia rafiki yake papa matunda kila siku, mpaka papa anamwalika kwao, anambeba mgongoni, na huko katikati ya maji anamweleza kwamba sultani wa papa ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima.

Hatua ya kwanza ya kipindi tuliifanya kwa Kiswahili. Kila mmoja alimsimulia jirani yake hadithi yake kama ilivyo kwao. Hatua hii ilileta maneno katika chumba cha walimu, kwani shule yetu ilikuwa na kile kipande cha ubao kinachovishwa shingoni mwa anayekamatwa akisema Kiswahili, na mwenzangu mmoja aliniuliza kwa uchungu wa kweli iwapo ninawajenga watoto au ninawarudisha nyuma. Nilimjibu kwamba mtu hawezi kulibeba kwa Kiingereza jambo ambalo halijatulia kichwani mwake kwa lugha yoyote, na nikauomba uongozi kwamba ubao ule usiingie katika vipindi vyangu. Nilikubaliwa. Bado naamini kwamba ubao ule umefundisha kunyamaza zaidi ya ulivyofundisha Kiingereza.

Baada ya hapo kila mwanafunzi alikunja karatasi yake mara tatu, ikatoa vyumba vinane, akachora humo hadithi yake kwa michoro ya vijiti bila neno hata moja. Kisha tukatafuta vitenzi. Sikuwapa orodha ya nomino, kwa sababu nomino inaweza kuonyeshwa kwa kidole au kuzungukwa kwa maelezo, lakini hadithi isiyo na kitenzi haiendi popote. Kila mmoja aliruhusiwa vitenzi visivyozidi 12, akiniuliza mimi au akitafuta katika kamusi mbili tulizokuwa nazo: alirusha, alimbeba, alidanganya, alikataa, alirudi.

Usimulizi wenyewe niliuegemeza kwenye mbinu inayojulikana kwa walimu wa lugha kama 4/3/2, iliyoenezwa na Paul Nation wa New Zealand, ambamo mtu husimulia jambo lilelile kwa wasikilizaji watatu tofauti, akipewa dakika nne, kisha tatu, kisha mbili. Kwa kuwa msikilizaji ni mpya kila mara, msimulizi hachoki kwa aibu ya kurudia, na kwa kuwa muda unapungua, ulimi hulazimika kwenda haraka katika njia uliyokwisha kuipita. Wanafunzi wangu hawakuweza dakika nne, hivyo nilianza na tatu, mbili, na moja na nusu. Darasani hapakuwa na nafasi ya kuzungukana. Safu ya mbele iligeuza viti ikatazamana na ya pili, ya tatu na ya nne, ya tano na ya sita, na kila nilipopiga makofi waliokuwa wakisimulia walisogea kiti kimoja kulia. Kelele za jozi 29 zikisema kwa pamoja zilimfikia mwalimu wa hisabati ng'ambo ya ukuta, na kuanzia wiki ya pili tulihamia chini ya mwarobaini.

Jambo moja halikutoka kwangu. Siku ya kwanza, kabla sijapiga makofi, kijana mmoja aliniuliza "paukwa" kwa Kiingereza ni nini. Nilimwambia sijui neno la Kiingereza linalofanya kazi ile. Akasema, "Basi tuseme vilevile, kwa sababu bila paukwa watu hawajafungua masikio." Tangu siku hiyo kila kipindi kilianza kwa msimulizi kusema paukwa, na wasikilizaji kuitikia pakawa, ndipo Kiingereza kikaingia. Sikujua bado kwamba amenionyesha kiini cha kisa chote.

Msikilizaji niliyempa kazi

Nilipopanga raundi tatu niliogopa kwamba wasikilizaji watasinzia, kwa hiyo nikawapa kazi. Katika raundi ya kwanza msikilizaji alichora anachosikia, na mwishoni michoro yake ililinganishwa na ya msimulizi. Katika raundi ya pili alilazimika kuuliza maswali mawili ambayo hadithi haijayajibu. Katika raundi ya tatu msimulizi alibadilisha kwa siri jambo moja la hadithi iliyojulikana kwa wote, na msikilizaji alitakiwa kumkamata. Hii ya tatu waliipenda mno. Nilimwona mvulana mmoja ameinama mpaka paji la uso linakaribia kugusa la mwenzake, anasikiliza Kiingereza kwa bidii ambayo sijawahi kuiona akisikiliza cha kwangu, kisha anaruka: "No! Not banana! You said fruit of mkuyu!"

Kwa muda mrefu niliyahesabu haya kuwa mapambo ya kipindi. Wiki ya sita ilinisahihisha. Mitihani ya nusu muhula ilikuwa inakaribia, nami kwa haraka niliwaambia wasimulie tu kwa zamu, wasikilizaji wasikilize, tumalize mapema turudie sarufi. Wanafunzi walikuwa walewale, hadithi zilezile, vitenzi vilevile. Lakini hadithi zilinyauka. Iliyokuwa ikichukua dakika mbili iliisha chini ya moja. Mazungumzo ya wahusika yalitoweka, yakabaki maelezo makavu ya fulani alikwenda na fulani alirudi. Wasikilizaji walitazama uwanjani, na baada ya dakika kumi nilisikia Kiswahili kutoka pande zote. Sikuwa nimeondoa kitu kingine chochote isipokuwa kazi ya msikilizaji, na jaribio hilo, ambalo sikulikusudia, ndilo ninaloliona kuwa ushahidi mzito kuliko wote nilioupata muhula ule.

Merrill Swain, akitafakari mwaka 1985 juu ya watoto wa Kanada waliofundishwa kwa Kifaransa kwa miaka mingi na bado wakazungumza kwa makosa mengi, alitoa hoja kwamba kusikia lugha hakutoshi, na kwamba mtu anahitaji kusukumwa aseme jambo hadi lieleweke kwa usahihi. Darasani kwangu aliyesukuma hakuwa mwalimu. Alikuwa ni mwenzao mwenye penseli mkononi, anayeshindwa kuchora kwa sababu hajaelewa nani amepanda juu ya nani. Mwalimu anaposema hajaelewa, mwanafunzi husikia kwamba amekosea. Mwenziwe anaposema hajaelewa, husikia kwamba hadithi haijafika, na huifikisha. Wazee wetu hawakumwachia msikilizaji akae kimya. Walimwitikisha, wakamwimbisha kiitikio, wakamtega kwa maswali, na hadithi iliyokosa mwitikiaji ilikatwa palepale. Nilikuwa nimezichukua hadithi zao nikaiacha nusu ya ufundi wao.

Masimulizi mawili ya msichana mmoja

Kwa ridhaa ya shule na ya wanafunzi wenyewe nilirekodi baadhi ya masimulizi kwa simu. Haya ni ya yule msichana wa safu ya tatu, wiki ya pili ya zoezi: "Monkey he is live in tree. Shark come. Monkey he give fruit. Shark he say let's go my home. They go. They go. In middle, shark he say our sultan is sick, medicine is heart of monkey. Monkey he say my heart I leave in tree."

Mtu anaweza kuihesabu makosa sentensi kwa sentensi na asijifunze kitu. Yakitazamwa kutoka upande wa Kiswahili, makosa haya yana akili ndani yake. Katika Kiswahili mtu akishaanza na "alikuwa", wakati uliopita umekwishasimikwa, na kuanzia hapo silabi moja, -ka-, hubeba mwendo wote: akaja, akampa, akamwambia. Msichana huyu alikuwa amepata vizuri zoezi la kuandika vitenzi vya wakati uliopita wiki moja kabla. Hakusema "come" kwa kutojua "came". Alifikiri kwa -ka-, na Kiingereza hakina -ka-. Vivyo hivyo "Monkey he" ni "Kima a-", kiambishi cha nafsi ambacho mdomo wake haujawahi kukiacha tangu ajue kusema. Nilipoona hivyo niliacha kufundisha wakati uliopita kwa kanuni za kitabu. Niliandika ubaoni akaja, akampa, akacheka, akarudi, nikawaeleza kwamba katika Kiingereza kila kitenzi hujibebea mzigo wake chenyewe, hakuna anayewabebea wenzake, nao wakatafuta umbo la kila kimoja. Dakika 20 za somo hilo zilizaa zaidi ya majuma ya majedwali.

"They go. They go." sikuligusa. Huko ni kurefusha safari kwa kurudia, na msimulizi yeyote wa pwani angefanya hivyo.

Rekodi ya wiki ya tisa, hadithi ileile, niliisikiliza mara nyingi: "One day the shark said, 'My friend, every day you give me fruit. Come to my home.' The monkey said, 'How? I don't know to swim.' 'Sit on my back.' So he sat. They went and went and went, until the trees were small like rice. Then the shark said, 'I want to tell you something, but don't be angry.'" Kima anapoambiwa habari ya moyo wake, anajibu: "Why you didn't tell me there, in the place where the sea finishes? My heart, I left it at home in the tree!"

Hakulijua neno la Kiingereza la ufukwe. Akasema mahali bahari inapoishia, akaendelea. Mwezi wa pili mtoto huyu alinyamaza kwa kukosa neno moja. Sasa amelikosa, amelizunguka, na amepata picha nzuri kuliko neno lenyewe. Na miti iliyokuwa midogo kama punje za mchele haikuwamo katika rekodi ya kwanza. Imezaliwa katika Kiingereza. Jingine ni maswali. Katika vipindi vya kawaida mwalimu ndiye anayeuliza, mwanafunzi hujibu, na anaweza kumaliza kidato cha nne bila kuunda swali lake mwenyewe kwa mdomo. Hadithi ina wahusika wanaoulizana, wanaokataa, wanaobembelezana na kudanganyana, na kila mhusika humpa mtoto aina ya sentensi ambayo sisi hatumpi.

Marekebisho niliyaweka mwisho. Wakati wa raundi nilipita na daftari nikikusanya sentensi bila majina, na katika dakika tano za mwisho niliandika tano ubaoni ili darasa lizitengeneze pamoja. Kumkatiza msimulizi katikati nilijikataza kabisa, na haikuwa rahisi.

Mahali ambapo hadithi hazikufika

Nisingependa msomaji adhani kwamba kila kitu kilinyooka. "He" na "she" ziliendelea kubadilishana mahali mpaka siku ya mwisho, hata kwa waliosimulia kwa ufasaha, kwa kuwa "a-" ya Kiswahili haiulizi kama mtu ni mke au mume, na tabia hiyo haitoki kwa muhula mmoja. Ufasaha ulitangulia mbali mbele ya usahihi, na upo wakati nilihofia kwamba makosa yale, yakisemwa kwa kasi, yangezidi kukazika. Wanafunzi watatu waliotoka shule za msingi zinazofundisha kwa Kiingereza waliwameza wenzao katika wiki za kwanza, hadi nilipowapa kazi ya kuuliza tu kwa wiki mbili, jambo ambalo wazazi wa mmoja wao hawakulipenda.

Kubwa zaidi ni kwamba lugha ya hadithi si lugha yote ya shule. Mwalimu wa baiolojia aliniambia kwamba wanafunzi wangu sasa wanasema, ila akiwauliza kwa nini jambo hutokea, wanamsimulia lilivyotokea. Alikuwa sahihi. Tulijaribu pamoja kuugeuza mmeng'enyo wa chakula kuwa safari ya tonge la ugali kutoka mdomoni, na mfuatano waliupata vizuri sana, lakini sentensi za sababu na matokeo, za kulinganisha, za kufafanua maana ya dhana, hizo zinahitaji mazoezi yake na hadithi haizileti zenyewe. Naye mwalimu wa taaluma alikuwa na hoja yake: vipindi viwili vilivyoungana kila wiki, dakika 80, vilitoka katika mada za muhtasari, na mada mbili nilizimalizia muhula uliofuata. Gharama hiyo niliilipa kwa kujua, na ningeilipa tena, lakini mwalimu wa kidato cha nne hana nafasi hiyo.

Kulikuwa pia na kijana wa safu ya mwisho, karibu na dirisha, ambaye kwa wiki saba hakusimulia. Alichora kwa makini kuliko wote, aliitikia pakawa kwa sauti kuliko wote, na zamu yake ilipofika alitikisa kichwa. Sikumlazimisha. Wiki ya nane alimwomba jirani yake, mmoja tu, wakae mbali nyuma ya tangi la maji, akamsimulia huko. Jirani alirudi na karatasi yenye fisi, sungura na kisima, vyote mahali pake. Sauti ya kijana yule kwa Kiingereza sikuisikia, na kipimo changu hakina mahali pa kumwandika, lakini karatasi ile ninayo.

Kipindi cha mwisho cha muhula niliwaomba watatu wasimulie mbele ya wote. Msichana wa safu ya tatu alikuwa wa pili. Alisimama mikono ikiwa wazi, akasema paukwa, tukaitikia, akaanza kisa chake cha Papa na Kima, na alipofika papa anapomwambia kima akae mgongoni, kijana mmoja aliyehamia kutoka Handeni alinyanyuka bila ruhusa.

"It is not shark. It is crocodile."

"Shark!" alijibu msichana.

"My grandmother said crocodile. In the river."

"There is no river here. They are in the sea. Can crocodile live in the sea?"

"Can monkey live in the sea?"

Darasa lililipuka. Wengine wakasimama upande wa mamba, wengine wa papa; mmoja akauliza mto una sultani gani, mwingine akajibu kwamba mamba ndiye sultani mwenyewe. Sarufi ilivunjika kila upande, na Kiswahili hakikuingia. Nilikuwa nimeshika chaki tayari kuandika sentensi za kurekebisha. Sikuandika hata moja mpaka kengele ilipogongwa, na walitoka nje wakiendelea kubishana.